Sifuri ya Kijani

Daktari Nyawanda si daktari wa chochote kinachouma.
Ana daftari la kurasa mia mbili
na kalamu mbili: ya wino mwekundu na ya wino mweusi.
Kijipira kikitua, anaandika.
Miaka minne anaandika.
Mimi niko dirishani, nabadilisha noti ziwe plastiki,
na kuelekea alfajiri nabadilisha plastiki iwe noti.
Foleni ya pili huwa fupi kuliko ya kwanza.
Hiyo ndiyo hesabu yangu yote, ningeweza kuishia hapo.

Lakini Ijumaa alikuja Kadima, mwenye kinu cha mahindi Nyalenda,
unga bado kwenye nyusi,
na karatasi aliyouziwa elfu moja na mia tano,
kopi ya kopi, hata nane imefanana na tatu.
Karatasi yasema: weka hamsini kwa nyekundu.
Ukiliwa, weka mia. Ukiliwa tena, mia mbili.
Usiogope. Nyeusi zikifuatana, nyekundu inadaiwa.

Inadaiwa na nani?
Gurudumu halina daftari.
Kijipira hakijui kililala wapi jana,
hakina aibu wala fadhila,
hakiwezi kumwonea huruma mtu aliyesubiri.

Nyeusi. Nyeusi. Sifuri.
("Hiyo haihesabiwi," akanong'ona Daktari, "hiyo ni pumziko.")
Nyeusi, na nyeusi, na nyeusi.
Mia nane ikaenda, elfu na mia sita ikaenda.
Elfu tatu na mia mbili akaiweka kwa mikono miwili,
kama mtu anayelaza mtoto.
Nyeusi.
Dau la nane lilikuwa elfu sita na mia nne.
Kibao ukutani chasema mwisho ni elfu tano.
Kimekuwapo tangu tufungue, na karatasi haikukitaja.

Sasa nisikilize, maana hili silisemi kazini:
tangu dau la kwanza hadi la saba,
nyekundu ingetokea popote pale,
Kadima angetoka na faida ya shilingi hamsini.
Chai na chapati mbili.
Kwa chapati mbili aliacha mezani
elfu sita, mia tatu na hamsini:
mkanda wa kinu, na stima ya mwezi.

Matundu ni thelathini na saba.
Tunalipa kana kwamba ni thelathini na sita.
Katika kila mia inayopita juu ya kile kitambaa
shilingi mbili na senti sabini husalia kwetu,
usiku huu au mwakani, kwa mjinga na kwa msomi.
Haba na haba hujaza kibaba,
ila shuleni hawakutuambia kibaba ni cha nani.
Nyumba haihitaji bahati.
Inahitaji ukae.

Nilimuuliza Nyawanda: kama namba zinakutii,
mbona chai yangu unakunywa kwa mkopo?
Akacheka, ana meno mazuri. "Mganga hajigangi, dada."
Sawa. Lakini mganga huyu hulishwa na ugonjwa:
saa nne usiku jikoni humtolea sahani ya wali na samaki,
meneja humwita profesa mbele ya wageni,
na zile kalamu mbili, nyekundu na nyeusi,
zina jina letu ubavuni.
Kila mwezi mimi ndiye ninayempa mpya.
Natia sahihi: vifaa vya ofisi.

Kumepambazuka, natembea kwenda Kondele.
Pikipiki nyekundu ikanipita. Nyingine nyekundu. Ya tatu, ya nne.
Nikasema moyoni, bila kutaka: ijayo nyeusi.
Nikasimama kabisa, mkoba kifuani, kuitazama kona.

Akatokea punda, na mapipa yake ya maji.